Mibuni Yangu kwa Migomba Yake

Mibuni yangu niliitoa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilidhulumiwa. Waliojaribu kunidhulumu wapo, na mmoja wao bado anauza nyanya pale soko la Kasulu, aulizwe.

Ulikuwa mwaka ule tulipoteremshwa kutoka mlimani tukapangwa kando ya barabara, kijiji kipya, nyumba kwa nyumba kama meno. Mume wetu alikuwa fundi baiskeli na wake zake tulikuwa wawili. Mimi ndiye niliyetangulia, mzaliwa wa upande wa Kibondo. Mwenzangu alikuja miaka sita baadaye kutoka Muyama. Kwa Kiha mke mwenza tunamwita mukeba, na mpinzani naye ni mukeba. Wazee wetu hawakuona sababu ya kupoteza maneno mawili kwa kitu kimoja.

Kule juu tuliacha mibuni. Mume alikuwa ametugawia zamani, mimi sitini na minne, mwenzangu hamsini. Kutoka kijijini kwenda kule ni mwendo wa saa moja na nusu wa kupanda, na bei ya kahawa miaka hiyo ilikuwa haimlipi mtu hata jasho la kwendea. Kung'oa mibuni huruhusiwi, bwana shamba anaijua kwa idadi. Kuacha magugu, unakemewa mbele ya watu. Ukivuna, umeumia mgongo kwa ajili ya kinywaji ambacho kwetu hakuna aliyekinywa. Sisi tuliilima kahawa kama mtu anayemlea mtoto wa mgeni.

Sasa, mwenzangu wakati wa kugawiwa viwanja aliangukia mahali pazuri. Kiwanja chake kilikuwa na migomba thelathini ya mtu aliyehamishwa, pale pale malori ya Kibondo yanapopumzisha injini baada ya mlima. Dereva akishuka ana njaa, na utingo wake ana njaa zaidi. Nilipoiangalia ile migomba niliona mikungu inatembea yenyewe kuelekea kwenye malori.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "wewe una miguu ya Muyama, milima kwako ni sebule. Chukua mibuni yangu yote, unipe hii migomba."

"Yote, Bi Mkubwa?"

"Yote sitini na minne. Nimeihesabu mara mbili."

"Na mimi nitakula nini?"

"Ndizi za kula nitakupa. Tena migomba yenyewe imezeeka, huoni inavyoinama?"

Migomba ilikuwa inainama kwa uzito wa mikungu. Mwenzangu aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Haya." Hakuomba nyongeza, hakuvuta mdomo, hakujifanya anaondoka ili nimwite arudi. Nilimdharau. Mtu asiyejifanya anaondoka si mtu wa biashara.

Shahidi alikuwa mama mkwe, aliyekuwa akipukuchua maharage na kusikia kila kitu. Kwake yeye hakuna mapatano bila mnyaa. Ule mti wa utomvu mweupe, unakata kijiti, unakipanda mpakani. "Mnyaa ukishika, maneno yameshika," alisema, na akatupandisha mlimani sote wawili kwenda kupanda kijiti kwenye mibuni, kisha akatushusha tukapanda kingine kwenye migomba. Vyote viwili vilishika. Mnyaa haujui kukataa.

Nilicheka peke yangu siku nzima.

Na sababu ya kucheka ilikuwa mabati. Mume wetu alikuwa ametamka kwamba nyumba za nyasi zimemchosha. Akatukalisha, akasafisha koo kama mwenyekiti wa kijiji. "Mimi sina upendeleo," alisema. "Mbao na misumari juu yangu. Atakayetangulia kuleta pesa za mabati, nyumba yake itaezekwa kwanza."

Nyumba zetu zilikuwa sawa, kila moja ya kumeza mabati kumi na manane. Nililipima paa langu kwa kamba, nikalipima tena. Nyasi zangu zilikuwa zinavuja upande wa kitanda, na wakati wa masika nililala na sufuria tumboni. Lakini nisiseme uongo, kuvuja nilikuwa nimekuzoea. Nilichokuwa siwezi kukizoea ni picha iliyokuwa kichwani mwangu: wapita njia wote, kutoka Nyakitonto hata Kibondo, wanaiona nyumba ya bi mdogo inang'aa, na pembeni yake nyumba ya bi mkubwa imevaa nyasi kama kichaka kilichosahauliwa kulimwa. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Basi nikauza ndizi kwa malori. Nikauza na chumvi, biashara yangu ya siku zote. Chumvi ya Uvinza inafika Kasulu kwa gunia, naipima kwa kopo, magunia mengine naenda nayo Kibondo kwa ndugu zangu. Pesa nilizifunga kwenye kitambaa. Kwa hesabu yangu, misimu miwili tu ningekuwa chini ya bati.

Ndipo redio ikaleta maneno.

Mume wetu alikuwa na redio ya betri nne, betri ambazo alizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu. Jioni moja tunakula, msomaji wa habari akasema baridi kali imeunguza mibuni nchini Brazili.

Nikashusha tonge. "Baridi imeunguza?"

"Ndivyo alivyosema," akajibu mume.

"Basi kesho tutasikia moto umegandisha maji. Hawa watu wa redio wanalipwa kwa nini?"

Mama mkwe akasema, "Labda ni urubura," yaani mvua ya mawe.

"Mvua ya mawe inapiga, mama, haiunguzi. Na hiyo Brazili iko upande gani wa Kibondo?"

Wakacheka, hata mume alicheka. Mwenzangu peke yake hakucheka. Aliuliza, "Mibuni mingi?"

"Amesema mashamba na mashamba," mume akajibu.

"Ego," akasema, ndiyo yetu ya Kiha, akaendelea kula.

Kesho yake alfajiri alichukua jembe akapanda mlimani. Akakata magugu, akafunika mashina kwa majani makavu, akapogoa. Alifanya hivyo wiki mbili. Niliposhindwa kuvumilia nikamuuliza anatafuta nini kule.

"Baba alituambia kahawa haina soko hapa," alisema. "Soko lake liko kwa watu wengine. Wakilia wao, sisi tunacheka. Tena wakati mwingine wanalia sisi hatujui."

"Baba yako aliwahi kufika huko kwa watu wengine?"

"Alifika Kigoma."

"Kigoma!" nikasema, nikaenda kuhadithia sokoni. Watu walipenda sana hadithi ile. Niliihadithia mwaka mzima.

Mwaka huohuo ndipo pesa zangu zilianza kuugua. Nilikwenda Kibondo na magunia matatu, nikakuta nauli ya lori imepanda. Nikauliza kwa nini, wakasema mafuta. Mafuta yamefanya nini? Yamepandishwa na wenye nayo. Nikaenda kwa mwenye duka mmoja niliyezoeana naye, Mwislamu mzee ambaye watu wake ni wa Pangani, mlango wa duka lake wa bluu, tasbihi mkono mmoja na mizani mkono mwingine. Nilitaka khanga za kurudi nazo.

"Bei gani hii?" nikasema. "Zimefumwa na malaika?"

"Bibi wee, si mimi. Ni Waarabu wa mafuta."

"Na wewe si Mwarabu?"

"Mimi Mwarabu kwa kanzu tu, bibi. Mafuta yangu ni haya ya taa, nayo nanunua kama wewe."

"Basi nipunguzie kwa ajili ya kanzu."

Alicheka, akapunguza kidogo, na nikajifanya naondoka, akaniita, akapunguza kidogo tena. Lakini hata baada ya kupunguza mara mbili, bei ilikuwa juu ya ile niliyoikataa mwezi uliopita. Nikarudi Kasulu kununua chumvi. Pesa zilikuwa zilezile, nilizihesabu mara mbili. Gunia ndilo lililokuwa limepungua: safari hii matatu hayakufika, yalikuwa mawili na kipande.

Kisha redio ikatangaza kwamba shilingi imeshushwa thamani. Sokoni mama mmoja muuza dagaa alitoa shilingi yake kifuani, akaitazama upande wa kichwa, akaigeuza upande wa pili, akasema, "Mbona yangu hawajaigusa?" Tukacheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeshaelewa jambo ambalo yule mama alikuwa hajalielewa. Pesa iliyofungwa kwenye kitambaa inaoza kama ndizi, ila haitoi harufu. Naomba ukumbuke kwamba nilikuwa nimelielewa. Ndilo litakalonihukumu huko mbele.

Msimu wa kahawa ulifika. Siku ya kununua, mizani ikatundikwa kijijini, karani akataja bei, na watu wakamwambia arudie. Akarudia. Mzee mmoja aliyekuwa ameigeuza mibuni yake kuwa kuni kwa siri alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Mwenzangu alileta kahawa yake imemenywa, imekauka inalia kwenye mfuko kama kokoto. Mifuko yake, halafu mifuko yangu. Naiita yangu kwa sababu naijua miti iliyoizaa, mmoja mmoja, pamoja na ule uliopinda karibu na jiwe ambao ulikuwa hauzai kwangu. Kwake ulizaa. Mwaka uliofuata bei ikapanda tena, na juu yake likaja malipo ya pili, ile nyongeza inayotolewa kahawa ikishauzwa huko mbali. Mtu anakaa nyumbani kwake, anaitwa, anapewa pesa za kahawa aliyokwisha kuisahau! Mimi katika maisha yangu sijawahi kuona mteja wa ndizi akirudi kuniongezea.

Wivu una njia zake za kuhesabu. Zamu za mume zilikuwa siku mbili kwangu, mbili kwake. Mwezi ule wa mavuno nilihesabu nikakuta siku yangu moja imepotea. Nikahesabu tena, nikakuta mbili. Mume alisema anasaidia kuanika. Nikasikiliza kicheko chake kikitoka ng'ambo ya ua, kicheko ambacho kwangu alikitoa mara ya mwisho tairi la bwana shamba lilipopasuka. Mashati yake yakaanza kunukia sabuni. Sabuni! Wakati huo madukani ilikuwa inapatikana kwa kujuana.

Siku moja mwenzangu akaja mlangoni na mche mzima wa sabuni. "Bi Mkubwa, nimekuletea."

"Ya nini?"

"Ya kufulia."

"Umeniona mchafu?"

"Hapana, dada. Nimepata miche miwili."

Nikaipokea. Niliikata vipande sita, vitano nikaviuza sokoni, cha sita nikafulia. Povu lake lilikuwa zuri mno, nililichukia.

Ndipo nikapata wazo ambalo kwa wakati ule niliona ni la akili nyingi. Nilimwita mama mkwe, nikamwita mwenzangu, mume akiwepo na spana yake mkononi. Nikasema: "Mimi ni mtu wa mapatano, na mapatano nayaheshimu. Nilimpa mwenzangu mibuni. Mibuni ni miti. Mnyaa uliposhika, yalishika maneno hayo: mibuni. Kuna mtu alinisikia nikitamka kahawa?"

Nikawatazama mmoja mmoja, nikajijibu mwenyewe.

"Sikutamka. Miti ni yake, sina neno. Kahawa hatukuizungumzia, kwa hiyo bado ina mwenyewe. Nataka walau nusu yake."

Mume aliinamia spana. Mama mkwe alikuwa akipukuchua maharage. Ukiniuliza, nitakwambia yule mama alizaliwa akipukuchua maharage. Akasema taratibu:

"Mkamwana, umesema vizuri. Na yeye alikupa nini?"

"Migomba."

"Alitamka ndizi?"

Nikaona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshaingia.

"Migomba thelathini," mama mkwe akaendelea. "Misimu yote hii, mkungu baada ya mkungu, mimi nimekaa hapa naona malori yanapakia. Wewe unajua kuhesabu kuliko sisi. Hebu tuhesabie ndizi zake ni mikungu mingapi, umrudishie, halafu naye atakurudishia kahawa. Uhesabu mara mbili."

Mume alicheka mpaka akaangusha spana. Mimi nikasema nilikuwa natania tu. Na mwenzangu, Mungu anisamehe, akasema kwa upole, "Mama, mimi sidai ndizi." Angenitukana ningelala vizuri.

Basi pesa za mabati alikuwa nazo yeye, tena za kutosha na kubaki. Mimi kitambaa changu kilikuwa na pesa nyingi kuliko zamani zenye kununua kidogo kuliko zamani. Mashindano yalikwisha. Isipokuwa jambo moja: mabati yenyewe hayakuwapo. Kasulu nzima hupati bati. Lilitaka kibali, na kibali kilitaka mtu wa kumjua. Redio ilisema nchi haina fedha za kigeni. Nilishangaa, maana mimi nilikuwa nazo, faranga za Burundi, kwenye kopo la majani ya chai. Lakini inaelekea si hizo walizokuwa wanazitafuta.

Mwenzangu akanijia. "Bi Mkubwa, wewe unajua maduka ya Kibondo. Mimi wataniuzia mvua. Nisindikize, uniulizie mabati thelathini."

Thelathini! Nikapiga hesabu papo hapo. Nyumba yake inameza kumi na manane. Kumi na mawili ya nini? Nikahesabu tena. Nikajua: jiko. Huyu mtu anataka kulilaza hata jiko lake, moshi wake na paka wake, chini ya bati, wakati mimi nina sufuria tumboni. Sikuuliza. Mtu anayehesabu mara mbili huwa haulizi, anajiona ameshajua.

Tukapanda lori. Mzee wa mlango wa bluu alitupeleka uani, akainua turubai, yakawa yapo, mabati mapya, yananukia mafuta ya kiwandani. Mwenzangu aliyagusa kwa ncha za vidole.

Mzee akataja bei. Nikamkaba. Nilikaba kwa sababu siwezi kutokaba, hata kama mali si yangu. Nikasema yamepinda. Nikasema yana kutu, na mzee akasema hiyo si kutu bibi, ni kivuli cha kidole chako. Nikaondoka mara tatu, nikaitwa mara tatu. Mwisho bei ilishuka mpaka pesa za mwenzangu zikatosha mabati thelathini kamili, na nauli ya kurudi. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Ilibaki kusema haya, funga.

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatabasamu, anayaangalia mabati kama mtu anayemwangalia mtoto akilala. Nikaiona nyumba yake inang'aa barabarani.

"Twende," nikamwambia kwa Kiha, mzee asisikie. "Bado ghali. Tukirudi baada ya mwezi bei itashuka."

"Itashuka, Bi Mkubwa?"

"Kahawa si itashuka? Kila kinachopanda kinashuka. Tunza pesa zako."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Mzee alituangalia tukitoka, akaacha kuvuta tasbihi. "Bibi," aliniita, na safari hii hakuniita ili apunguze. "Unaondoka kweli?"

Niliondoka kweli. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu ya biashara niliyoondoka kweli.

Ndani ya lori mwenzangu alikuwa amekumbatia kitambaa chake cha pesa. Nilijua kinachoendelea ndani ya kitambaa kile. Nilikuwa nimekiona kwenye changu. Mwezi ukapita, nikamwambia ngoja kidogo. Wa pili ukapita. Nchi zikagombana, mpaka wa huko kaskazini ukafungwa, malori yakapungua, kila kitu kilichofika Kibondo kilifika kimechoka na kimepanda. Kahawa kweli ilishuka, hapo sikusema uongo: msimu uliofuata karani alitaja bei, na hakuna aliyemwambia arudie. Mabati hayakuifuata kahawa chini. Yaliendelea na safari yao ya juu peke yao.

Tuliporudi kwa mzee wa mlango wa bluu, turubai lilikuwa limelala karibu na ardhi. Nilikaba kama sijawahi kukaba. Nilikaba mpaka nikatokwa na jasho, na mzee akasema, "Bibi, siku ile ulikuwa na bei nzuri mkononi. Nani alikuroga?" Mwenzangu alikuwa amesimama pale. Pesa zilezile, shilingi kwa shilingi, zikatoa mabati kumi na sita.

Kumi na sita kwa nyumba ya kumi na manane. Mume alipiga misumari siku mbili, na kwenye pembe ya nyuma, mahali pa mawili yaliyokosekana, akarudishia nyasi. Kutoka barabarani pembe ile haionekani. Inaonekana kutoka mlangoni kwangu. Wapita njia wote waliona bati, na mimi peke yangu niliona nyasi, na nisikufiche, miezi ya mwanzo nyasi zile zilinifariji.

Masika yakafika. Mchana mmoja mvua ilishuka kubwa, paa langu likafungua milango yote, sufuria zikanizidi. Mwenzangu akaniita kwa sauti juu ya ule mlio wa bati, ambao ukiwa nje unaonekana kelele na ukiwa ndani ni kama kupigiwa makofi. Nikakimbia, nikaingia kwake, nikakaa kwenye kigoda. Yeye alikuwa anachagua maharage, ameanza kufanana na mama mkwe.

Tukakaa. Nikatazama juu, nikayahesabu. Kumi na sita. Nikarudia.

"Yamebaki palepale, Bi Mkubwa," akasema bila kuinua macho.

"Mazoea."

"Yale thelathini," akasema. "Hukuniuliza ya nini."

"Ya jiko lako."

"Jiko?" Akainua macho. "Jiko halitaki bati, moshi ungetuua. Kumi na mawili yalikuwa ya upande wako wa kitanda. Nilitaka uyaone yakifika tu. Mume alijua."

Mvua ilikuwa inapiga.

"Ungeniambia," nikasema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unajua," akajibu, akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage.

Mume nilimuuliza zamu yake ilipofika. Alisema, "Sikumbuki, lakini ni mtu wa namna hiyo." Mwanamume akisema hakumbuki, hapo ameshapima pande zote mbili.

Miaka imekwenda. Mume alitangulia, mama mkwe alitangulia, minyaa ile miwili sasa ni miti mikubwa. Mimi na mwenzangu bado tunaishi ua mmoja, na bati langu nililipata baadaye kwa chumvi yangu mwenyewe. Lakini jambo lile nimelihesabu mara nyingi kuliko pesa yoyote. Kama mwenzangu alisema kweli, basi niliyemnyima mabati kumi na mawili ni mimi, na kwenye lori lile nilikuwa najiibia nikiwa macho. Na kama hakusema kweli, kama alilitunga palepale akichagua maharage, basi alikuwa amejua tangu mwanzo nilichomfanyia, akangoja masika, akanitajia bei, nami nimeilipa hadi leo bila kupunguziwa.

Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilidhani mfanyabiashara wa ua ule ni mimi.

Jana nilimuuliza tena. Alikuwa anaanika kahawa kidogo ya kwake, ya ule mti uliopinda karibu na jiwe.

"Yale mabati, mdogo wangu. Kweli yalikuwa yangu?"

Akachukua ungo wake, akajifanya anaondoka.